Fahamu: Makaa ya mawe yanavyotunza habari za hali ya hewa ya kale

Mkaa mbadala wa Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) unaposhika moto jikoni Mbagala, Dar es Salaam, kinachowaka ni kinamasi cha zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Malighafi kuu ya mkaa huo ni makaa ya mawe ya mgodi wa Kiwira.

Enzi hizo Afrika, India na Antaktika zilikuwa bara moja, Gondwana. Makaa huanzia pale mimea inapofunikwa na maji kabla haijaoza, hivyo yalipo palikuwa na unyevu wa kudumu. Ushahidi wa hali ya hewa ya enzi hizo ninaoupenda zaidi ni Glosopterisi, mti wenye majani kama ulimi. Pete za shina lake, mithili ya za mninga uliopasuliwa, zinaonyesha ulikua, ukasimama, ukakua tena: misimu ilikuwepo.

Ukikuta jiwe lenye alama ya jani, usilivunje: huenda nalo ni ushahidi kama huo. Lionyeshe Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam.