Kigango Ukumbini: Aulizwe Nani Kwanza?

Kigango, ubao wa kuchongwa wa kumkumbuka marehemu, si kazi ya mkono mmoja. Mwanachama wa Gohu, chama cha Wagiriama wenye mali na heshima, akishafariki, huenda ikapita miaka kabla hajaanza kuwajia jamaa zake ndotoni, au maradhi yakaanza kuuandama mji, yaani boma lao. Hapo familia huenda kupiga bao. Ikiambiwa mzee anadai chake, hutafuta gharama za karamu, wenzake wa Gohu husimamia, na ndipo fundi hushika tezo. Gogo la mti mgumu hugeuka ubao mrefu, pengine kumpita mtu: kichwa cha duara, kiwiliwili bapa kilichojaa pembetatu safu kwa safu, zikatiwa rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi. Kikishasimikwa hufungwa vitambaa, humwagiwa mnazi, wala hakihamishwi, hata watu wakihama.

Basi msimamizi wa maonyesho anayetaka kuionyesha sanaa hii Malindi au Kilifi amwandike nani kuwa msanii? Nasema awaandike wote, na awaulize wote kabla hajagusa chochote.

Tumeona hasara ya kutouliza. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee wa Kigiriama kando ya vigango viwili vya nduguze waliofariki. Muda si mrefu vikaibwa. Udvardy alikuja kujua kwamba viko Marekani, kimoja Illinois na kingine Virginia, na mwaka 2007 vikakabidhiwa familia. Picha ile ndiyo iliyokuwa ushahidi. Vingine havikuwa na bahati hiyo. Jumba la Denver Museum of Nature & Science lilipoamua mwaka 2014 kurudisha vigango 30, ilikuwa vigumu kujua kila kimoja kilitoka mji upi. Walioviuza walitazama umbo. Majina ya wenyewe hayakuandikwa.

Kwa hiyo kazi ianze barazani kwa wazee, si ukumbini. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inataka jamii iombwe ridhaa kwanza, ikiwa imeelezwa kila kitu. Ridhaa ya kweli ni ile inayoweza kukataliwa. Wazee wakisema kitu fulani hakionyeshwi, kisionyeshwe.

Kigango kilichokwisha kusimikwa kibaki kwao. Fundi aagizwe kuchonga kipya, kisichofanyiwa tambiko, na wazee wakubaliane naye nakshi zipi zinafaa kuonekana na watu wote. Hapo ndipo sanaa ya leo inapopata nafasi yake: fundi wa Ganze, kina mama washonaji wa hando, vazi la wanawake wa Kigiriama, na kijana wa Magarini mwenye kamera wanaweza kutengeneza kazi moja, kila mmoja akilipwa kwa mkataba na jina lake likiwekwa ukutani kwa herufi za ukubwa uleule. Maelezo yaanze kwa Kigiriama, kisha Kiswahili, kisha lugha za wageni.

Na palipo na pengo, pengo lionekane. Mwaka 2021, katika Makumbusho ya Taifa Nairobi, maonyesho ya Invisible Inventories yaliweka makabati matupu kwa ajili ya vitu vya Kenya vilivyo ng'ambo. Mradi ulioyaandaa uliorodhesha vitu hivyo zaidi ya 32,000. Kabati tupu lenye maelezo ya kweli humfunza mtazamaji kuliko kigango kilichong'olewa kikasimamishwa chini ya taa.

Mwisho, kabla mlango haujafunguliwa, iandikwe kazi itakwenda wapi maonyesho yakiisha: kwa fundi, kwa jamii, au makumbusho kwa masharti gani. Orodha hiyo iwe na jina la mji, la fundi na la wazee walioridhia, na nakala yake ibaki kijijini. Tukifanya hivyo leo, wajukuu hawatategemea bahati ya picha moja kuthibitisha kilicho chao.