Uvira: Mbegu ya soja yaweza kuwa hai na bado isiwe na nguvu

Mwezi wa tisa, msimu A unapoanza, wakulima wa uwanda wa Ruzizi hufungua magunia ya soja waliyoweka tangu mavuno. Punje ni nzima, rangi yake nzuri. Lakini mara nyingi zikishapandwa, sehemu kubwa ya shamba hubaki tupu, na wakati huo mbegu nyingine ya kununua ni ghali au haipo.

Soja huzeeka upesi kuliko mahindi. Punje yake ina mafuta karibu asilimia 20, na ngozi yake ni nyembamba. Kuipiga sana kwa fimbo wakati wa kupura kunatosha kuijeruhi. Joto humaliza kazi. Wataalamu wa mbegu wana kanuni ya zamani: ukipunguza joto la ghala kwa digrii 5, au unyevu wa punje kwa asilimia 1, maisha ya mbegu huongezeka karibu mara mbili. Ndiyo maana mbegu inayokaa vizuri Mulungu, kwenye baridi ya milima ambako INERA ina kituo chake, inaweza kuchoka upesi ikihifadhiwa Kiliba au Sange. Na kwa kuwa vita vimeifanya barabara ya Bukavu–Uvira kuwa ya mashaka, kutegemea mbegu ya kutoka huko juu ni bahati nasibu.

Kuotesha punje kwenye kitambaa chenye maji kunaonyesha tu kwamba zingali hai. Nguvu ni jambo lingine: je, zitapasua udongo mgumu, au zitaoza mvua ikizidi? Katika maabara, soja huzeeshwa kwa makusudi: huwekwa saa 72 kwenye joto la digrii 41 na unyevu mwingi, kisha huoteshwa. Magunia mawili yaliyoota sawa mwanzoni yanaweza kuachana mbali kabisa hapo. Watafiti wa IITA, Ibadan, walianza kutafuta soja inayovumilia ghala la joto tangu miaka ya 1970, na waligundua kwamba aina za punje ndogo hudumu zaidi.

Asiye na maabara ana udongo. Azike punje 100 kwenye udongo wa shamba lake, kina cha sentimita 4 hivi, anyweshe, kisha ahesabu siku ya tano na ya nane. Zinazochelewa na kutoka zimepinda zisihesabiwe kuwa nzuri. Kujua unyevu, chumvi kavu ndani ya chupa kavu pamoja na punje inasaidia: ikitikiswa na chumvi ikaganda kwenye kioo, mbegu haijakauka.

Anayevuna mwezi wa kwanza na kungoja mwezi wa tisa anaweka mbegu miezi minane. Afadhali apande kidogo msimu B, avune mbegu mpya mwezi wa sita, na kuijaribu wiki tatu kabla ya mvua, wakati bado kuna nafasi ya kutafuta nyingine.