Ndoo Iliyogeuka Ngoma

Mtoto akiacha shule, wengi wetu husema elimu yake imekoma. Maisha ya Jimmy Lee Lindsey, mwanamuziki wa roki wa mji wa Memphis, Marekani, yanatulazimu kuitafakari upya kauli hiyo.

Lindsey alizaliwa mwaka wa 1980, akaacha shule angali kijana mdogo. Hakuwa na bendi wala studio. Alijirekodi nyumbani, akipiga gitaa, akiimba na kugonga ndoo badala ya ngoma. Jina lake la jukwaani, Jay Reatard, alilifinyanga kutokana na tusi la Kiingereza la kumdunisha mtu anayedhaniwa mzito wa akili. Tusi hilo alilivaa kama joho.

Hata hivyo, kujifunza mwenyewe si kujifunza bila watu. Kanda yake ilimfikia Eric Friedl, mwanamuziki mwenye kampuni ndogo ya Goner mjini humo, naye akaisikiliza, akamtolea santuri mwaka wa 1998. Albamu yake Blood Visions ya mwaka wa 2006 ikamjengea sifa. Lakini Januari 2010 alifariki akiwa na miaka 29. Uchunguzi ulionyesha kwamba aliuawa na kokeini, pombe ikichangia.

Kwa hivyo mwanafunzi asimfanye Lindsey hoja ya kulitoroka darasa. Naye mwalimu ajiulize: ni nani darasani mwake agongaye dawati kwa kukosa ngoma? Kabla ya kumpachika jina la mtukutu, na amsikilize kwanza, kama Friedl alivyoisikiliza kanda ile.