Virusi Vilivyovunja Rekodi, na Waliovisoma

Mapema mwaka 2021, wanasayansi walitangaza kirusi cha UVIKO-19 ambacho, kwa maelezo yao, kilikuwa kimebadilika kuliko vingine vyote vilivyokwisha kusomwa hadi siku hiyo. Kilitoka kwetu Tanzania, lakini hakikusomwa Tanzania. Katikati ya Februari mwaka huo, abiria watatu waliotoka nchini mwetu walipimwa walipotua Luanda, Angola, wakakutwa na maambukizi. Kundi la Tulio de Oliveira wa Durban, Afrika Kusini, likishirikiana na wenzao wa Angola, likasoma vinasaba vya kirusi hicho na kukuta mabadiliko 31 katika protini zake. Kati ya hayo, 11 yalikuwa kwenye mwiba, ile sehemu ambayo kirusi hutumia kuishika seli ya mtu. Zaidi ya hapo, vipande vitatu vya mwiba huo vilikuwa vimekatika kabisa. Wakakiita A.VOI.V2.

Miezi hiyo hapa Mfaranyaki, Songea, misiba ilikuwa ikitangazwa kwa maneno “changamoto ya upumuaji”. Watu walijifukiza nyungu, wakatafuta limau na tangawizi sokoni. Takwimu za taifa zilikuwa zimesimama tangu mwaka 2020, kwa wagonjwa 509 na vifo 21. Kwa hiyo habari za kirusi kilichokuwa kikipita katikati yetu zilitufikia kwa njia ya Luanda na Durban. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na ndilo linalonifanya nizipange rekodi za virusi kwa namna yangu. Sitazami tu kirusi gani kilizidi vingine kwa kubadilika. Natazama pia nani alikisoma, na sampuli ilikwenda mbali kiasi gani kabla ya kupata msomaji.

Kwa ukongwe, kinara yuko jirani na sisi. Kutoka Songea ukishika barabara ya Tunduru hadi Masasi, kisha ukapanda uwanda wa Makonde, unafika Newala. Huko, mwaka 1952 na 1953, homa ya kukunja viungo iliwaangusha watu kijiji baada ya kijiji. Daktari Marion Robinson wa hospitali ya misheni ya Lulindi aliandika dalili zake kwa makini, na R. W. Ross akafanikiwa kukitenga kirusi chenyewe, chikungunya. Kazi hiyo ya maabara ilikuwa ya taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda. Hata zama hizo sampuli za kusini zilivuka mpaka.

Chikungunya hicho hicho kinashika pia rekodi ya badiliko dogo lililozaa balaa kubwa. Mwaka 2004 kiliibuka Lamu na kuwapata takriban robo tatu ya wakazi. Kikaingia Mombasa, kikavuka hadi Komoro, na mwaka 2005 kikafika kisiwa cha Réunion. Hapo kikabadilisha kitu kimoja tu. Kwenye nafasi ya 226 ya protini ya gamba lake iitwayo E1, valini ilikaa mahali palipokuwa pa alanini. Kwa badiliko hilo kikaweza kuenezwa vizuri zaidi na mbu Aedes albopictus, aliyejaa kisiwani humo. Theluthi moja ya watu wa Réunion waliugua. Kirusi kinaweza kuwa na mabadiliko 31 kisitikise dunia, na kingine kikawa na moja likatikisa Bahari ya Hindi nzima. A.VOI.V2 kilikuwa na mengi, na bado hakikuenea duniani kama Delta, aina nyingine ya kirusi cha UVIKO-19. Wingi peke yake hauelezi hatari, na ndiyo maana kusoma mara moja hakutoshi.

Kwa kasi ya kusoma, heshima ya kwanza naipeleka China. Tarehe 11 Januari 2020 Zhang Yongzhen wa Shanghai, akisaidiwa na Edward Holmes wa Sydney, aliweka hadharani herufi zote, takriban 30,000, za vinasaba vya kirusi kipya, na watengeneza chanjo wakaanza kazi bila kukigusa kirusi chenyewe. Barani Afrika, timu ya Christian Happi huko Ede, Nigeria, ilisoma kirusi cha mgonjwa wa kwanza wa nchi yao ndani ya siku chache tu, mapema Machi 2020. Kwa majirani zetu, Entebbe ilionyesha tena uzoefu wake. Wanasayansi wake walifuatilia kirusi A.23 kilicholipuka katika gereza la Amuru, kaskazini mwa Uganda, wakakiona kikizaa A.23.1. Hicho kilikuwa na badiliko kwenye nafasi ya 681 ya mwiba, na badiliko hilo hilo dunia ilikuja kuliona baadaye kwenye Delta.

Kati ya aina za kirusi cha UVIKO-19, Omicron ndiyo iliyofunika zote kwa wingi wa mabadiliko: zaidi ya 30 kwenye mwiba pekee. Huko Gaborone, Botswana, Sikhulile Moyo na wenzake waliiona katika sampuli za wasafiri zilizochukuliwa Novemba 2021. Huko Afrika Kusini, Raquel Viana wa maabara za Lancet aliishuku kwa kuwa kipimo chenye shabaha tatu kilikuwa kikiwaka mbili tu. Taarifa ilifika Shirika la Afya Duniani tarehe 24, jina likatolewa tarehe 26, na siku hizo hizo nchi tajiri zikawa zinafunga safari za ndege kutoka kusini mwa Afrika. Sijaona malipo mabaya kuliko hayo kwa watu waliosema kweli mapema.

Kwa kukwepa kipimo, rekodi naipa Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu wa Kivu Kusini, ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku. Tangu Septemba 2023 wagonjwa wa mpox waliongezeka, lakini kipande cha kinasaba kilicholengwa na kipimo maalumu cha aina ya kwanza hakikuwapo tena ndani ya kirusi. Kipimo kikanyamaza. Kusoma vinasaba vyote ndiko kulikoonyesha tawi jipya, lililoitwa Ib, na mnamo 14 Agosti 2024 dunia ikatangaziwa dharura. Tarehe 10 Machi 2025 Tanzania nayo ilithibitisha wagonjwa wake wawili wa kwanza wa mpox.

Nchini kwetu, rekodi inayonipa moyo ni ya safari fupi ya sampuli. Homa ya Marburg ilipotokea Kagera mwaka 2023, ilithibitishwa na Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii, Dar es Salaam. Iliporudi Biharamulo Januari 2025, kipimo cha kwanza kilifanyika Kagera penyewe, katika maabara inayohamishika ya Kabaile, kisha Dar es Salaam ikathibitisha.

Sampuli ya hapa kwetu bado ina safari ndefu: kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Mashine ya kusoma vinasaba iitwayo MinION inatosha kiganjani. Mwaka 2015 ilibebwa kwenye mizigo ya ndege hadi Guinea, na virusi vya Ebola vikasomwa ndani ya saa 24 tangu sampuli kufika. Inahitaji kompyuta, umeme wa uhakika, jokofu la kemikali, na fundi wa maabara aliyefunzwa na anayelipwa vizuri kiasi cha kubaki. Barabara za Tunduru na Mbamba Bay zinaleta wasafiri hapa kila siku, kutoka pwani na kutoka ziwani. Naomba wanaopanga bajeti ya afya wauweke mkoa wetu wa Ruvuma kwenye orodha ya mikoa itakayopewa mashine hiyo.