Kupima Afya ya Meno kwa Kuuliza: Mfano wa Miteremko ya Kilimanjaro

Urefu wa mlima Kilimanjaro, mita 5,895, ulipatikana bila ya mlima wenyewe kuulizwa neno. Maumivu ya jino hayapimiki hivyo. Daktari aweza kuhesabu meno yaliyotoboka, kutazama ufizi utokao damu na kuandika rangi ya meno. Lakini kama mwenye jino alikesha usiku, au kama hufunika mdomo kwa kiganja kila anapocheka, hapana chombo kitakachomwambia. Hana budi kuuliza. Katika makala haya twaeleza jinsi kuuliza huko kunavyofanywa kuwa kipimo, na mahali ambapo kipimo hicho huweza kumpoteza mtafiti.

Miamba ya volkano ya nchi ya Kilimanjaro na Arusha ina madini ya floridi, na maji yapitayo humo huyayeyusha. Floridi kidogo hulinda jino lisioze. Ikizidi wakati jino lingali likijengwa, yaani tangu uchanga hadi umri wa miaka 8 hivi, tabaka la nje la jino hutoka na mabaka meupe. Jino likiisha kuota, mabaka hayo hugeuka kuwa ya kahawia, na pengine tabaka lenyewe humomonyoka. Shirika la Afya Duniani limependekeza floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa.

Mtu angedhani basi kwamba kupima maji kunatosha. La hasha. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1998, wataalamu walilinganisha watoto wa sehemu tatu: Rundugai, katika uwanda wa chini wa Hai, ambako maji yana floridi nyingi, Kibosho, juu ya mji wa Moshi, ambako maji yana floridi haba mno, na Chanika, karibu na Dar es Salaam, ambako pia floridi ni haba. Meno ya Chanika hayakuwa na mabaka ya kutajika. Lakini huko Kibosho, penye maji yasiyo na kosa, watoto walikuwa na mabaka makali. Wataalamu wakaelekeza macho kwenye magadi, yale yatiwayo katika maharage na kiburu ili chakula kilainike upesi, na pia kwenye mwinuko wa mahali kutoka usawa wa bahari. Sasa, ni nani ajuaye magadi kiasi gani yalitiwa chunguni miaka 10 iliyopita? Si daktari, wala si mtoto. Ni mama au bibi aliyepika, naye hajui mpaka aulizwe.

Hayo ni maswali ya chanzo. Maswali ya athari yana utaratibu wake. Kipimo kimoja cha watoto, kilichotangazwa mwaka 2004 baada ya kujaribiwa Thailand, kilifasiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa Dar es Salaam. Humwuliza mtoto kama katika miezi 3 iliyopita kinywa chake kilimtatiza katika mambo 8: kula, kusema, kupiga mswaki, kulala, kutabasamu, kutulia moyoni, masomo, na kuwa pamoja na wenzake. Kila tatizo hupewa alama 0 hadi 3 kwa ukali, na 0 hadi 3 kwa wingi wa kutokea, kisha alama hizo mbili huzidishwa. Tuseme mwanafunzi amepata 3 × 2 kwa kula, 2 × 3 kwa kutabasamu na 1 × 1 kwa kulala. Jumla ni 13 kati ya 72, yaani asilimia 18 hivi. Maswali ya namna hiyo yalitumika pia katika uchunguzi wa wanafunzi 2,412 wa sekondari mkoani Arusha, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010.

Wenye kuulizwa sharti wachaguliwe kwa bahati nasibu kutoka shuleni na vijijini, kwani aliyekwisha kupanga foleni hospitalini tayari anaumwa. Kufasiri maswali kuna taabu zaidi kuliko idhaniwavyo. Wengi wetu husema “kucheka” kwa kicheko na kwa tabasamu pia. Mtoto aonaye haya ya meno yake aweza kucheka sana, mradi kiganja kiko mdomoni, naye atajibu kwamba hana tatizo.

Hatari kubwa, kwa maoni yetu, ipo katika swali lionekanalo jepesi kuliko yote: “Waonaje hali ya meno yako?” Ajibuye hujilinganisha na walio karibu naye. Mahali ambapo jirani wote wana meno ya kahawia, rangi hiyo huwa ndiyo rangi ya meno. Binti wa hapo atajibu “mazuri” bila kusema uongo. Apelekwe shule ya bweni, akutane na wenzake kutoka pwani wenye meno meupe. Baada ya muhula mmoja aweza kujibu “mabaya”, hali daktari hataona badiliko lolote kinywani mwake. Jibu la pili nalo si uongo, maana haya anayoona ni ya kweli na humnyamazisha darasani. Kwa hiyo mtafiti mwangalifu, kabla ya swali la meno, huandika umri wa anayeulizwa, kijiji alichokulia hadi miaka 8, na shule aliyopo sasa.