Bhadreshwar: Ardhi Kavu, Ghala la Ukarimu

Wiki hii, enyi ndugu zetu wasomaji, tunavuka bahari hadi Bara Hindi, kwenye kijiji cha Bhadreshwar, wilaya ya Kutch, jimbo la Gujarat. Huko ndiko asili ya Wakachi tulio nao Mombasa na Lamu. Majahazi ya Mandvi, bandari iliyo magharibi ya kijiji hicho, yalikuwa yakija kwetu kwa kaskazi na kurejea kwa kusi.

Kusini mwa Bhadreshwar ipo Ghuba ya Kutch. Katika mikoko ya pwani hiyo hulishwa ngamia waitwao kharai, ambao huogelea baharini kwenda kutafuta majani. Upande wa kaskazini, mbali na kijiji, limetanda Rann, tambarare la chumvi ambalo hufurika wakati wa mvua kisha hukauka likawa jeupe. Mvua yenyewe ni ya Juni hadi Septemba, na iko miaka ambayo haiji ya kutosha.

Ardhi ilipokuwa bahili, watu waliitegemea bahari. Biashara iliwaleta Waislamu mapema sana: ziara ya Ibrahim kijijini hapo ina maandishi ya mwaka 554 Hijria, yaani kiasi cha 1159 Miladia, kabla Delhi haijatawaliwa na masultani. Msikiti wa Solahkhambi, maana yake nguzo kumi na sita, umezama nusu mchangani karibu na ufuo. Majengo hayo yalisimamishwa chini ya watawala wasiokuwa Waislamu, na mawe yake yakachongwa kwa ufundi uleule wa mahekalu ya huko.

Katika karne ya 13 aliishi hapo Jagadu, tajiri wa dini ya Kijaini. Masimulizi ya Wajaini yanaeleza kwamba njaa ya miaka mitatu ilipoikumba Gujarat kuanzia 1256, yeye alikuwa amekwisha kuweka nafaka maghalani, akazitoa kuwalisha watu. Yanasema pia kwamba alijenga msikiti.

Wazazi wenzetu, ukame si mgeni kwetu: Kilifi na Tana River wanaujua. Tajiri yule aliweka akiba wakati wa neema, na njaa ilipofika hakulifunga ghala. Nasi Waislamu, tuliousiwa sana kuhusu jirani, tuna haki zaidi ya kutenda hivyo. Kibaba kimoja kikitengwa kila wiki jikoni, nyumba haitapungukiwa, na siku ya dhiki jirani atapata cha kuinjika. Mwenyezi Mungu atujaalie mikono yenye kutoa. Amin.