Andazi, Moto na Uzito wa Mwili

Kwa nini andazi hugeuka kahawia na kunukia? Moto mkali huunganisha sukari na protini za unga. Hapo hutokea kemikali nyingi. Nyingine huleta ladha, nyingine si rafiki wa mwili. Biskuti za kiwandani nazo zinazo.

Mwaka 2023 wataalamu wa California, Marekani, walieleza jaribio lao. Minyoo wadogo waliopewa kemikali moja ya aina hii walizidi kula. Na anayezidi kula hunenepa. Lakini mtu si mnyoo. Kwetu sisi bado haijathibitishwa.

Basi tufanyeje? Maji yanayochemka hayazidi nyuzi 100 za joto. Mafuta ya kukaangia huzidi sana. Kwa hiyo tuchemshe mihogo, viazi na samaki mara nyingi zaidi kuliko kukaanga. Maandazi yawe ya siku mojamoja.